Hamsini Zangu

Niliikuta nyuma ya nyumba ya Mama Cibalonza, kule Cimpunda,
imeegemea ukuta,
kuku mwekundu ameatamia juu ya kiti chake kilichopasuka.
Honda ndogo, ya enzi za pesa za zaire,
injini ya hamsini tu.
"Marehemu alichanja nayo watoto hadi Walungu," alisema,
akamwondoa kuku kwanza, taratibu,
kama anayemwomba mgeni ahame kiti.
Tulipatana dola themanini na tano.
Yai moja akanipa bure.

Wamotari wa Nyawera waliniona nikiisukuma,
tairi zote mbili bapa, kitenge kimelowa mvua.
"Mama, maiti hiyo unaipeleka wapi?"
"Hospitali."
Wakacheka. Mmoja akashuka, akanisaidia mpaka kona.
Kila mtu na hamsini zake;
zangu mmeziona, zina kutu.

Fundi Zihalirwa hakucheka.
Aliinama, akanusa mdomo wa tangi:
"Esansi ya humu imekuwa asali."
Na kweli, ilitoka nzito, ya kahawia, inavutika.
Tukatia changarawe za ziwani,
tukalitikisa tangi zamu kwa zamu Jumamosi nzima,
mpaka kutu ikamwagika kama chai,
mpaka jirani akauliza nani anaolewa.

Kabureta niliisafisha mwenyewe
kwa mswaki alioacha mwanangu alipohamia Uvira.
Ina kitundu chembamba kuliko jicho la sindano,
nami ni mshonaji, vitundu navijua.
Nilikizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki,
nikapuliza, nikakielekeza mlangoni,
na mwanga ukapita.
Siku hiyo sikushona hata kifungo.

Bujia tulipata. Mnyororo ulikuwa wa moto ya Kihindi,
tukaupunguza pingili sita.
Lakini pete za pistoni!
Zihalirwa alituma salamu Goma, akatuma Bujumbura,
zikarudi salamu tupu.
Miezi mitatu imekaa juu ya kreti la bia, tumbo wazi,
wateja wa Zihalirwa wakitundika makoti kwenye usukani wake,
nami nikipita kila Ijumaa kama mtu mwenye mgonjwa,
nikiuliza vilevile, nikijibiwa vilevile.
Mwishowe alichukua pete za pampu ya maji,
akazipiga tupa usiku kucha kwa taa ya simu.
"Zitakubali," alisema, "zisipokubali, tutaziomba."

Chini ya kiti, ndani ya kitambaa cha hospitali,
nilikuta kichupa cha chanjo, kitupu, hakijapata hata ufa
kwa barabara zote zile.
Sikukitupa. Naweka pini.

Teke la kwanza, kimya.
La tano, ikapiga chafya.
La kumi na saba nikasahau kuhesabu,
maana moshi ulikuwa umejaa uani
na watoto wa Zihalirwa wanarukaruka ndani yake.
Kuna watu zamani waliita kitu hiki tukutuku.
Nilidhani ni utani.

Sasa, ukweli usiofichika:
Bukavu ni kitenge kilichofuliwa, kikasahauliwa kupigwa pasi,
na injini ya hamsini haipendi mikunjo.
Kwenye mteremko mimi ni malkia.
Kwenye mlima nashuka,
naiacha ingurume, natembea pembeni yake,
mkono kwenye gesi,
kila mmoja akijibeba mwenyewe.
Wamotari wananipita na abiria wawiliwawili.
Wananipungia.

Ndivyo nilivyofika tena Cimpunda, nikihema kuliko injini,
kumwonyesha tu, si zaidi.
Sikupiga honi; honi bado haijapona.
Lango lilifunguka kabla sijafika.
Mama Cibalonza alikuwa amekwisha kusogeza beseni la muhogo,
amekwisha kufukuza kuku njiani,
amesimama, mkono mmoja umeshika komeo.
Aliitazama taa ya mbele. Kisha mimi.
Kisha saa ya simu yake, muda mrefu.

"Umechelewa," aliniambia.

Nikazima. Nikaingia.