Karani wa Mizani

Dawa ni nyekundu. Nimeichanganya alfajiri
nyuma ya kioo, glavu mbili mbili,
Kisumu bado inapiga mswaki,
kongoti wamesimama juu ya paa la jikoni
kama watu wenye kesi.
Nimeitia kwenye maji ya sukari.
Maji ya chumvi haiyapendi, huiharibu.

"Ya sukari?" akauliza Dorka Achola,
kitanda cha saba, mguu wa kushoto juu ya mto,
mabaka ya zambarau toka kifundo hadi goti.
"Miaka ishirini na sita nilipima miwa
kwenye mizani ya kiwanda, upande wa Muhoroni.
Sukari na mimi tunajuana."

Basi nikamweleza kwa lugha ya barabara.
Dawa haisafiri peke yake, nikasema.
Imefungwa ndani ya vifuko vya mafuta,
mia tano vikishikana mikono
havivuki unywele mmoja.
Nje vina nyuzi laini zinazovuta maji,
walinzi wa damu wapapase, wateleze.
Ikienda tupu, dawa hii huuma moyo.
Ikifunikwa, huupita mlango wa moyo
kama mtu apitaye kwa mkwe usiku,
viatu mkononi.

"Na inajua mguu wangu uko wapi?"

Hapo nilinyamaza.
Vitabu husema imelengwa. Neno zuri, lina mshale ndani.
Lakini kifuko hakina jicho, mama. Hakina ramani.
Kinazunguka tu, siku mbili, siku tatu,
popote damu iendapo.
Kikiingia tu, protini hukirukia
kama gugumaji pale Dunga
linavyokumbatia chochote kilichotulia,
hadi mwili haukioni kifuko tena,
unaona koti lake.
Wengu huchuja. Ini hukamata,
na ini halina kosa, ndiyo kazi yake.
Ila penye mabaka
mishipa imeshonwa harakaharaka,
fundi alilipwa kabla ya kazi,
nyufa kila mahali;
kifuko kipitacho hapo hudondoka, hukwama,
hupasuka polepole,
humwaga mzigo.

"Kwa hiyo mguu wangu haulengwi. Unavuja."
Naam.
"Na kati ya mia, vinafika vingapi?"

Ningeweza kumpa namba ya kumfurahisha.
Alikuwa amekula uji nusu kikombe,
binti yake alikuwa bado njiani kutoka Ahero.
Nikamwambia: walipopima kwa panya wenye uvimbe,
mara nyingi hakikufika
hata kimoja kamili.

Akacheka hadi kanula ikatikisika.

"Sikiza, daktari" (mimi si daktari,
nimeshachoka kumrekebisha),
"trekta inatoka shambani imejaa
hadi miwa inaburuta lami.
Awasi, watoto wa shule wanachomoa.
Kwenye tuta, inamwaga.
Mvua ikinyesha trela inalala siku tatu, miwa inachacha.
Dereva naye ana shangazi zake.
Mimi sikupima kilichoondoka.
Nilipima kilichofika,
na kiwanda kilisaga."

Nikafungua dripu. Tone. Tone.
Alikuwa akihesabu, midomo ikicheza.

Mzunguko wa tatu alirudi na viganja vyekundu,
ngozi inabanduka penye vidole vya kushikia kalamu.
Vinavuja huko pia, nikamwambia,
penye kubanwa, penye joto.
Usifue kwa maji ya moto. Viatu viwe vipana.
Akavitazama viganja vyake kwa muda,
akavipuliza.
"Watoto wa Awasi," akasema.

Hakusema kwa hasira.
Kisha akaomba utepe,
akainama kwa taabu,
akapima mwenyewe baka la kifundoni,
mara mbili, kama alivyozoea,
mara ya pili akiwa amefumba jicho moja,
akaniambia niandike.