Limefika Wapi

Kila asubuhi saa moja kasoro robo
nashuka ngazi za bandari, Mwanza Kusini,
na daftari la mistari na kalamu mbili,
moja ya kuandikia, moja ya wasiwasi.
Majini kuna ubao wa chuma wenye namba.
Nainama, nasoma ziwa limefika wapi,
naandika, napanda.
Miaka kumi na saba nalisoma ziwa
kama mama anavyomgusa mtoto shingoni usiku.

Mimi mwenyewe sikuwahi kusomwa.

Yalianza Machi, au niliyaona Machi:
shuka limelowa saa tisa za usiku,
moto unapanda kifuani
kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni,
na Lugembe, mume wangu, anauliza gizani,
"Nani kakuudhi?"
Hakuna. Lala.
Nilipima malaria mara tatu, hakuna mdudu.
Nilipima taifodi, hakuna,
nikapewa dawa ya taifodi hata hivyo.
Wifi akaja kutoka Sengerema
na mizizi kwenye chupa ya soda,
akaapa kuna mtu wa ofisini kanifunga.
Na siku zangu, zilizokuja miaka yote
bila kukosea, kama kengele ya misa,
zikaruka mwezi, zikarudi kwa fujo,
zikaruka miezi mitatu.
Nina miaka arobaini na moja.
Mama aliniambia: hamsini.
Hakuniambia kitu kingine.

Maabara iko ghorofa ya pili, Mtaa wa Rufiji,
juu ya duka la nyavu.
"Estrojeni," akasema kijana, Kashindye,
akinifunga mpira mkononi.
Nilimwomba aliandike hilo neno.
Akaliandika nyuma ya risiti
ya shilingi elfu arobaini na tano.
"Leo siku ya ngapi tangu uone?"
Nikacheka, sindano ikasubiri.
Mimi ninayejua maji yalikuwa wapi
tarehe tatu Mei, mwaka yalipoingia sokoni,
siku ya mwili wangu siijui.

Damu ikapanda kichupani, kifuniko rangi ya dhahabu.
Kidogo tu. Nilidhani wangetaka nyingi
kwa neno refu namna ile.

Siku tano za kungoja.
Magugu maji yaliuzinga ubao,
nikayasukuma kwa mguu ili nione sifuri.

"Kumi na nane," akasema Daktari Nyamizi.
"Iko chini. Lakini namba moja
isikutie kiwewe wala isikutulize.
Homoni hupanda, hushuka.
Rudi baada ya wiki sita, tupime tena,
pamoja na ile inayopiga kelele kutoka kichwani
mayai yanapochelewa kuitika.
Tunatazama mwendo, mama. Na mifupa yako pia."

Nilitaka kumkumbatia.
Ndivyo ninavyowaambia vijana wa mafunzo:
ziwa la siku moja si ziwa.
Upepo huyasukuma maji upande mmoja,
meli hupita, wimbi husema uongo.
Unasoma, unaandika, kesho unarudi.

Nje, jua la saa saba, nikakaa kwenye ngazi.
Sikutaka mtoto mwingine. Watatu wananitosha.
Ila kufungiwa mlango
si sawa na kuufunga mwenyewe.
Nikalia kidogo, mbele ya muuza vocha,
naye akageukia upande wa pili kwa adabu.

Lugembe aliisoma karatasi chini ya taa.
"Kumi na nane? Kwa ngapi? Kwa mia?"
Nikamweleza. Akaisoma tena, mdomo ukitembea,
akaiweka ndani ya Biblia
pamoja na stakabadhi za kiwanja.

Makoroboi nimenunua daftari dogo, jalada jekundu.
Tarehe. Saa. Joto, usingizi, damu.
Mizizi ya wifi nimeimwagia mgomba;
mgomba hauna neno.

Jana saa tisa na dakika kumi
ulipanda tena, kutoka tumboni.
Nikakaa kitandani, nikapapasa kalamu.
Upande wa pili mkono ukawasha tochi ya simu,
ukaimulika karatasi, na sauti ya usingizi ikauliza,
"Umefika wapi?"

Shingoni, nikamwambia.
Subiri. Shingoni bado.