Safu ya "Lipo"

Karatasi ya mpango ina safu mbili:
Lipo. Halipo.
Mwezi wa tisa, mvua bado iko mbali,
nimezunguka Katuba na kalamu ya serikali,
miguu myekundu mpaka kwenye vifundo,
nikihesabu mabomba.

La kwa Musonda, mwenye mashine ya kusaga: lipo.
La nyuma ya shule, shingo imepinda: lipo.
La njiapanda, wanapojikunia mbuzi,
ambalo watoto wamelivika kofia ya kopo: lipo.
Nilifungua kila moja.
Lilitoa pumzi, kama mtu aliyetaka kusema
kisha akakumbuka hana neno.
Karatasi haikuuliza habari za pumzi.

Barabarani malori ya shaba yanakwenda Kasumbalesa
usiku kucha, yamefungwa maturubai kama wagonjwa.
Hayo nani anayahesabu, mimi sijui;
kuna ofisi nyingine, ina kiyoyozi.
Mengine yanarudi na unga wa mahindi.
Tunatoa jiwe, tunaletewa bukari,
na vumbi la safari ndilo faida yetu:
linatua juu ya sahani, halitozwi ushuru.

Shangazi Kalumba huamka saa nane za usiku
kwenda kisimani kwa masista,
bidoni tano kwenye toroli la gurudumu moja.
Mlio wa gurudumu lile ndio saa ya mtaa.
Mbwa wameuzoea, hawabweki.

Jumapili aliniuliza, huku akisonga,
mwiko ukigonga ukingo wa sufuria:
"Na letu umeliandika?"
"Nimeliandika, shangazi."
"Umeandika maji, au umeandika chuma?"

Sikujibu. Nilikuwa nanawa mikono.
Maji yalikuwa ya bidoni ya tatu,
nikafunga vidole yasimwagike.

Jumatatu jumla ilitoka:
asilimia sabini na nne.
Mkuu aliisoma kwa sauti, mara mbili,
akaagiza soda kwa ofisi nzima.
Soda ilikuwa baridi. Niliinywa, siwezi kukana.

Walipotoka nikachukua rula,
nikachora safu ya tatu, nyembamba,
pembeni kabisa, pale pini inapotoboa.
Ilikaa bila kichwa mpaka jua likazama
nyuma ya kichuguu cha machimbo.
"Linapumua," niliandika mwishowe,
kwa penseli,
ili wakitaka wafute.