Maswali kwa Marehemu

Kabla ya vita hapa palikuwa hoteli.
Matajiri wa Kalifonia walikuja kuoga maji yanukayo kiberiti,
kujitibu baridi yabisi na uvivu.
Sasa madirisha yana nondo, na ndani ya taa ya dari
mmefichwa sikio dogo la chuma.

"Jina?" anauliza Sajini Morinaga.
"Sina."
"Kazi?"
"Nilikuwa fundi wa boila, chumba cha chini kabisa.
Andika *nilikuwa*. Nilikufa Novemba,
usiku ule manowari ilipolala ubavu.
Nyumbani wameshapelekewa kisanduku cheupe.
Ndani hamna mfupa, mna karatasi.
Mama ameshakifukizia ubani.
Sasa wewe unamhoji nani?"

Maiti haulizwi sanda, twasema.
Hapa maiti huulizwa boila ngapi,
mafuta tani ngapi, mwendo wa mwisho,
deraya ina unene gani chini ya mkondo wa maji,
kisha hupewa sigara.

Hakuna kofi. Hakuna kamba.
Luteni Haverstock hapendi kelele.
Huisukuma pakiti kwa kidole kimoja
kama asogezaye kete ya dama,
halafu husubiri.
Munkari na Nakiri nao huja wawili.

Mfungwa alikuwa tayari kwa kisu,
tayari kwa ukuta na kitambaa cha macho.
Kwa kiberiti kilichowashwa na mkono wa adui, ukikinga upepo,
hakuwa tayari.
Jeshini walimfunza namna zote za kufa.
Hakuna aliyemwambia aseme nini akibaki.

Kwenye swali la saba ulimi wa Morinaga ukateleza.
Badala ya Kijapani cha darasani
likamtoka neno la jikoni kwa mama yake,
neno la Kagoshima, la kumpa pole aliyechoka.
Mfungwa akainua kichwa.
"Kwenu wapi?"
"Fresno."
"Hicho ni kijiji cha upande gani?"

Morinaga hakucheka.
Mama yake yuko Arizona, kibanda cha mbao,
nyuma ya seng'enge,
na askari anayemlinda amevaa sare kama ya mwanawe.

Usiku, chini ya ardhi, vipaza sauti masikioni,
Morinaga anawasikiliza wawili wakilalamika gizani.
Wali wa hapa laini kama uji.
Blanketi zinawasha.
Boila ya tatu ilikuwa ikipiga mluzi, tuliipa jina Shangazi,
presha ikipita ishirini na nane anaanza kugomba.
Kalamu inakimbia: *boila ya tatu, kasoro, ishirini na nane.*

Kisha kimya kirefu.
Kisha:
"Yule kijana leo kanisemesha kama nyumbani.
Nimeona aibu.
Nimetamani kuishi."

Kalamu ikasimama.
Ripoti inataka presha, haina safu ya aibu.
*Saa nane na dakika arobaini,* akaandika. *Hakuna la maana.*

Asubuhi, chumba kile kile, taa ile ile.
"Jina?"
"Andika Tsurumaki."
"Ni lako?"
"La jirani yangu wa kitanda cha juu. Yuko chini ya bahari,
hatalidai.
Langu limo kisandukuni, kwa mama."

Morinaga akaliandika kwa wino,
akalipuliza likauke.