Mita Moja na Nusu

Sagana ilikuwa ng'ambo ya kizuizi,
na kizuizi kilikuwa na bunduki.
Basi Nyaberi akanipigia simu Jumanne:
machimbo ya Njiru yamejaa maji ya masika,
kuna mtu kaona kambare,
twende, tutarudi kabla ya kafyu.

Jumanne, na mimi nilikuwa na shughuli gani?
Shule imetiwa kufuli kubwa kama ngumi ya mtoto,
chaki zangu zimo ndani zinanyonya unyevu,
na mshahara ulikuja nusu, kisha robo,
kisha ukaja ujumbe.

Tulitoka Kayole kwa miguu, kila mtu na ukingo wake wa barabara,
tukiongea kwa kupaza sauti kama wagomvi.
Barakoa yake ameishona kwa kitambaa cha meza
cha hoteli iliyomwachisha kazi;
herufi ya kwanza ya jina la hoteli
imemkaa juu ya pua.

Pale machimboni maji yalikuwa ya kijani, kimya,
mashine ya kukatia mawe imezama hadi mabegani.
Nyaberi alilaza fimbo yake ya uvuvi kati yetu, akapima,
akachora mstari kwa kisigino.
"Hapa ndipo serikali inapoishia," akasema,
akaketi upande wake.

Mimi nilikuwa na mwanzi tu, na minyoo katika mkebe wa Blue Band.
Yeye alileta maini ya kuku
yaliyolala siku tatu bila friji.
Alipofungua mfuko nilirudi nyuma hatua mbili,
machozi yakanilenga.
Yeye aliinama juu yake, akachagua kipande taratibu
kama mtu achaguaye nyanya.

Tuliongea machache.
Mkewe yuko Nyamira tangu Machi,
alikwenda mazishini kwa siku mbili, barabara zikafungwa.
Mtoto amejifunza kutembea kwenye simu,
anaikaribia kioo, anakua, anakua,
kisha bando linaisha.

Nzi. Jua. Kokoto zikidondoka zenyewe kutoka ukutani.
Saa kumi na robo mwanzi wangu ukapinda,
nikapiga kelele za kijinga,
Nyaberi akaruka mstari wake mwenyewe, akashika mshipi,
tukavuta bega kwa bega, serikali nyuma yetu,
mpaka akatoka: kambare, urefu wa mkono,
ndevu zimelowa, vijicho kama mbegu za papai,
akitutazama bila hofu ya kutosha.

Tulikumbuka kuachana baadaye kidogo.

Alimfunga katika gazeti la wiki iliyopita,
ukurasa wa idadi.
Kabla ya kunipa alishusha barakoa, akamweka puani,
kama alivyofanya jikoni miaka kumi na minne,
akakaa hivyo. Akakaa.
"Hanuki," alisema.
Nikacheka: atanukaje, ametoka majini sasa hivi!
Hakucheka.
"Mchukue wewe. Una watoto."

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tunakimbia,
wenye maduka wanateremsha milango ya chuma,
kila mtu mjini ana haraka ya kwenda kufungiwa.
Tuliagana kwa viwiko, kwa mbali, hewani.

Usiku nilimkaanga na vitunguu.
Harufu ikajaa chumba, ikapita chini ya mlango,
jirani akabisha ukutani: mwalimu, kwako kuna sherehe?
Watoto wakashika sahani.

Ndipo nilipoyakumbuka yale maini.
Na kwamba Nyaberi huyu huyu
aliwahi kurudisha lori zima la samaki
kwa kunusa tu mlango ulipofunguliwa.

Nikazima jiko. Simu yake iliita, ikaita, ikakatika.
Nikapiga tena.
Sikujua nianzie wapi, nikamuuliza amekula nini.
"Nimekunywa kitu," akasema. "Cha moto."
Akanyamaza, nikasikia kijiko kikigonga kikombe.
"Nadhani ni chai."