Sera Kumi na Tisa

Saa tatu usiku, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Feni inazungusha joto lilelile.
Nimefungua dirisha jeusi, nikaandika amri fupi:
niorodheshee sera zote, kila tawi, hazina ya ankara za maji.

Zikateremka. Kumi na tisa.
Nikadhani nimekosea, nikarudia.
Kumi na tisa.

Matawi yaliyo hai ni matatu.
Mengine tuliyakata zamani,
ila tawi likikatwa, sera yake haianguki nalo.
Inabaki hewani, inalinda,
kama askari wa ghala la mkonge lililokwisha bomolewa,
naye hakuambiwa:
bado anauliza, "Unamtafuta nani?"
na nyuma yake hakuna ukuta.

Sera ya nne: "Badiliko lisipite bila idhini ya H. Semkiwa."
Semkiwa aliacha kazi mwaka juzi. Yuko Muheza,
ana ekari mbili za machungwa na simu ya vitufe.
Humu ndani bado ni mkubwa.
Jana kijana wetu, Mbaruku, aliingojea idhini yake
tangu asubuhi hadi adhuhuri,
kisha akaniuliza kwa adabu,
"Dada Zainamu, huyu bosi anakaa ofisi gani?"

Ningepitia kurasa za kubofya ningekesha:
fungua, shuka, tafuta, thibitisha, rudi juu.
Huku nasema neno moja, futa,
na kitambulisho kirefu, herufi na tarakimu zimeng'ang'aniana.
Mashine inauliza: una hakika?
Ndiyo.
Basi. Wala vumbi halikutimka.

Kabla ya ile ya nne nikampigia mwenyewe.
"Nikufute?"
Akacheka mpaka akakohoa.
"Kumbe bado napitisha mambo! Na mshahara wangu je?"

Ya tano, ya sita. Ya saba mpaka ya kumi kwa mkupuo.
Halafu ya kumi na moja:
"Ijumaa ikipita saa sita mchana, tawi lifungwe."
Aliyeiweka: mimi.

Nilikuwa nimesahau.
Ijumaa moja nilipitisha badiliko dogo, nukta tu,
nikaenda zangu kula wali.
Kufika alasiri, nusu ya Makorora
inadaiwa maji ya miaka thelathini.
Jumatatu Bi Mwanakombo akaja na ndoo,
akaitua juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu.
"Nioneshe," akasema,
"milioni mbili zimepita wapi humu."
Ndoo ilikuwa na ufa.

Tawi lile halipo. Sera hailindi chochote.
Kidole kimetua juu ya kitufe, hakibonyezi.
Nikayanakili maneno yake, moja baada ya jingine,
nikayapandisha kwenye tawi kuu.
Ndipo nikafuta ya zamani.

Naorodhesha tena. Nne.
Hizi hata usingizini naweza kuzitaja.
Nimeanza kukunja waya wa chaji
simu inatetemeka. Mbaruku:
"Dada, nilidhani umeshamtoa yule bosi.
Badiliko langu limezuiwa tena."

Natazama pembe ya skrini.
Ijumaa, saa nne na dakika sita.

"Subiri kesho," namjibu.
"Kwani sasa anayezuia ni nani?"

Naandika, nafuta, naandika tena:
"Mimi."