Zeze Chini ya Kelele

Banda la video, Arua, kiingilio shilingi mia mbili.
Ondoma akitafsiri, bastola zote mdomoni mwake,
nami chini ya kelele zake
niliokota zeze la Tibenkana
kama mtu aokotaye njugu gizani.

Sasa nina simu, nina vipokea sauti.
Nyimbo zake zote, safi,
bila Ondoma, bila jenereta.
Ndipo nikagundua: ile huzuni ya mjane
ameiuza tena kwenye harusi,
kaiongeza kasi tu.
Nikaona nimepunjwa. Mwaka mzima sikumgusa.

Jana umeme ulikatika mtaani Oli.
Jirani akawasha jenereta lake bovu.
Nikaweka ule wa mjane, sikio moja wazi,
zeze likazama nusu,

na kidogo nimsikie Ondoma
akikohoa kabla ya risasi.